Kamba ya Kuamia Mawazo

Jumanne, 10 Juni

Mpunga umesimama. Daftari hili nalianza na hilo, maana mwaka jana siku kama ya leo hapa nilipokaa palikuwa maji matupu, na kambale walipita juu ya shamba langu kama wamelinunua. Mwaka huu masuke yanainama. Asante Mungu. Nimeiandika asante kwanza, yasije yanayofuata yakaniharibia.

Yanayofuata ni haya. Juzi Jumapili nimetukanana na Siti barazani pa kanisa.

Siti ni mkwe mwenzangu. Binti yake Warda ameolewa na mwanangu Mfaume, na wamezaa Mwamini, ana miezi saba, mashavu kama andazi. Tarehe 22 mtoto anabatizwa. Sasa bibi gani ambebe kumpeleka kwenye beseni? Mimi mama wa baba. Siti anadai mama wa mama ndiye aliyekesha na mzazi. Nikamwambia mikono yake imezoea kushika kipaza sauti cha kwaya, mtoto atamtupa akipandisha sauti. Akanijibu kwamba kabla ya kumbatiza mtoto, uanze kubatizwa mdomo wangu, na kama beseni halitoshi waniteremshe mtoni. Watu wakacheka. Niliwaona waliocheka. Nawajua mpaka mama zao.

Mwinjilisti akatoka ndani. Anaitwa Mustapha, jina alilopewa na babu yake, na alipobatizwa hakulibadili, alisema Mungu anamjua kwa hilo hilo. Mimi niliongezewa la Perusi, na tangu siku ile hakuna aliyeniita hivyo, hata marehemu mume wangu. Zabibu nilizaliwa, Zabibu nitazikwa.

Akatupa daftari kila mmoja. Akasema wazo baya ni kama ndege kwenye mpunga: akitua tu, mfukuze. Ukimwachia ashibe, kesho anarudi na ukoo. Basi kila siku tuandike lililotua na tulivyolifukuza. Madaftari hatayasoma. Ila tarehe 22 atatusimamisha mbele ya watu, atuulize mioyo yetu imekuwaje, na tumjibu kama tunamjibu Mungu. Mwenye moyo uliotulia ndiye atakayembeba Mwamini.

Mfano wake mzuri, ingawa yeye mpunga anaujua kwenye sahani.

Shule sikwenda. Herufi nimezijua mwaka juzi kwenye kisomo cha kanisa, nikiwa na wajukuu sita. Lakini kushindana sikufundishwa na mtu. Siti nitamshinda kwa unyenyekevu. Nitamnyenyekea mpaka ashike kichwa.


Alhamisi, 12 Juni

Nimepata akili! Nashangaa Mwinjilisti hakuiona.

Nipo bondeni, juu ya dungu langu. Mbao nne, ngazi, makuti, na mimi juu kama kuku wa kuatamia. Kutoka hapa kamba zangu zimepita juu ya mpunga mpaka pembe zote za shamba, na kila kamba ina makopo: ya maziwa, ya rangi, moja la dawa ya mbu. Kwelea wakitua, navuta. Makopo yanalia, ndege wanaruka. Ndiyo kazi ya kuamia, tangu jua litoke mpaka lizame.

Sasa kama wazo ni ndege, dawa ya ndege ninayo mkononi. Wazo baya likija, navuta kamba!

Nimeanza saa moja asubuhi. Lile la kwanza lilikuja kabla sijakaa vizuri. Siti, ng'ambo ya kijito, alikuwa juu ya dungu lake anaimba. Yeye haamii kwa makopo, anaamia kwa nyimbo za kwaya. Nikawaza: ndege hawakimbii, wametua kusikiliza. Nikavuta. Likaja la pili, kwamba wametua kumhurumia. Nikavuta.

Mpaka adhuhuri nimevuta mara ishirini na moja. Kumi na tisa Siti. Moja mume wa Siti, ambaye hajanikosea kitu, ila alimuoa. Moja mchuzi wa jana.

Jirani yangu Mwanamkuu, dungu lake ni hatua mia kutoka langu, akapaza sauti kuniuliza nafukuza nini, ndege hawapo hata mmoja. Nikamwambia nafanya mazoezi ya mkono. Akasema mazoezi ya mkono kwa mtu wa miaka sitini ni kunawa na kula.

Mkono umevimba. Lakini ninao. Kuna walioamka leo hawana. Asante.


Ijumaa, 13 Juni

Mwanamkuu amejua. Alishuka kwenda kuswali, akapita kwangu, akakaa kwenye ngazi na kunitazama tu. Huyu mtu nimelima naye mpaka kwa mpaka miaka arobaini. Nilipofiwa, yeye ndiye aliyenivua kanga ya msiba. Kumficha jambo ni kama kumficha maji kiboko. Nikamweleza.

Hakucheka. Akasema kumbe makopo ni tasbihi yako. Akaniapia kwamba hamwambii mtu.

Saa kumi nimekwenda kijitoni kuchota maji. Wanawake watano wamenisalimu. Mmoja akaniuliza mbona leo mawazo yameamka mapema, alisikia kopo hata chai hajabandika. Mwingine akasema jana alihesabu thelathini. Nikamjibu kwamba ishirini na moja, asinizidishie. Loo! Mdomo wangu.

Nimerudi na ndoo nusu. Nimemuuliza Mwanamkuu juu ya kile kiapo. Akasema hakumwambia mtu, aliwaambia wote kwa pamoja.

Nimevuta kamba ya pembe ya kwake. Akapunga mkono.

Sawa. Nashukuru nina shoga anayeniharibia jina kwa mapenzi. Wengine huharibiwa na maadui.


Jumapili, 15 Juni

Yarabi, nimefanya nini.

Ibada ilikwenda vizuri. Mwamini alinicheka mimi, hakumcheka Siti. Basi kwenye matangazo Siti akasimama, gauni la kwaya limepigwa pasi hadi linakata, akasema siku ya ubatizo ataleta limbuko la mpunga wake, ungo mzima, kumshukuru Mungu baada ya mwaka wa mafuriko. Wakampigia vigelegele. Vigelegele vya ungo mmoja!

Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikasikia mtu anasema kwamba yeye hataleta limbuko tu, bali hatatia mpunga mpya mdomoni, hata punje, mpaka limbuko lifike madhabahuni. Aliyesema ni mimi. Hakuna aliyeniuliza. Wakapiga vigelegele virefu zaidi, na Siti akakaa.

Utamu wake! Niliuonja mpaka nikafika kwenye benchi. Nilipokaa tu ndipo nikakumbuka pepeta.

Keshokutwa Mwanamkuu anatwanga pepeta. Kila mwaka, mpunga ukiwa haujakauka sawasawa, tunakata masuke ya kwanza, tunakaanga chunguni, tunatwanga ungali moto mpaka punje zinalala bapa. Na konzi ya kwanza hatuli kwa mikono yetu. Yeye ananilisha ya shamba lake, mimi namlisha ya shamba langu. Hivyo ndivyo tulivyopatana mwaka ule tulipogombea mpaka, mimi nikiwa bibi arusi, na hatujaruka hata mwaka mmoja isipokuwa mwaka jana, ambapo hakukuwa na mpunga. Mwaka jana tulilishana mihogo, tukalia.

Nami nimeapa mbele ya kanisa zima.

Namshukuru Mungu kwa ulimi. Ila angeufunga kamba na makopo, nikajua unapotoka.


Jumanne, 17 Juni

Nilijiandaa. Nilijipaka dawa ya kuchua puani, nyingi, harufu ya pepeta isipite. Haikupita. Kilichopita ni machozi. Macho yamewaka kutwa, nimewavutia makopo ndege ambao hawapo na kuwaachia waliopo. Saa nne dawa ikaisha nguvu, na upepo ukageuka.

Nani alitunga harufu ile! Mpunga mbichi ukiguswa na moto unanuka kama mtoto aliyetoka kuoga na mkate uliotoka jikoni, vyote pamoja. Nikasikia mchi wa Mwanamkuu. Du, du, du. Tumbo langu likamwitikia.

Akaja mwenyewe na bakuli, nazi juu, sukari juu. Akapanda ngazi. Konzi mkononi, mkono mdomoni kwangu. Nikafunga mdomo kama mtoto anayepewa kwinini, nikamweleza nadhiri.

Nilidhani atakasirika. Akarudisha konzi bakulini taratibu. Akasema Ramadhani yote mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji wa futari, kwa hiyo hawezi kunishangaa nikifunga. Atanifunikia bakuli langu, atalitunza kwenye dungu lake hadi Jumapili, na yeye hataigusa ya kwake mpaka tulishane. Ndivyo alivyo. Wapo watu Mungu aliwaumba Ijumaa, kazi zote zimeisha, hana haraka.

Alipofika ngazi ya mwisho akageuka, akauliza: hiyo nadhiri umemwekea Mungu au umemwekea Siti?

Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote. Akacheka, akasema hiyo ilikuwa ya kwake, ameisikia.

Swali lake limekaa hapa juu na mimi mpaka jioni. Sijaliandikia jibu. Kalamu inaisha wino.


Jumatano, 18 Juni

Leo niandike polepole.

Jana nilipiga hesabu. Bonde zima linasikia makopo yangu. Jumapili nikisimama niseme moyo wangu umetulia, nani ataniamini? Watatoa ushahidi wa kopo kwa kopo. Na mkono nao umeshazoea, wazo likija unavuta wenyewe. Dawa? Kopo livutwe, lisilie!

Alfajiri nimepita shamba zima. Nimechana kanga yangu kuukuu, nimeshindilia matambara ndani ya kila kopo. Nikapanda juu. Nikamuwaza Siti na kipaza sauti chake. Nikavuta. Kimya! Nikavuta tena kwa raha tu. Kimya kama mbinguni.

Saa tatu mwanamke mmoja akapita njiani, akaniuliza nina afya. Nikainamisha macho, nikamjibu kwamba Bwana amenituliza. Akaenda akiwaambia wenzake Bi Zabibu ameshinda. Nilimsikia. Nilijisikia mwepesi. Nikaona kabisa nilivyombeba Mwamini, na Siti nyuma yangu ameshika taulo.

Nikiwa bado nambeba, wingu likashuka kwenye pembe ya mashariki. Kwelea! Si kumi, si mia. Mpunga uliinama kwa uzito wao. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta zote nne. Kimya! Nikafungua kinywa nipige kelele, sauti ikatoka kama ya mlango, maana wiki nzima nimeimalizia kumjibu Mwanamkuu kule kwake.

Nikashuka ngazi vibaya, nikakaa kwenye tope. Na hapo, nakumbuka, nikasema moyoni: Mungu wangu, mwaka jana maji, mwaka huu mimi mwenyewe.

Mwanamkuu alikuja mbio na kombeo, kanga kaifunga kifuani, anatupa na kutukana ndege kwa ukoo wao. Halafu nikasikia sauti. Siti! Amevuka kijito na maji mapajani, amechomoa kanga anaipunga, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya Pasaka. Safari hii ndege hawakutua kusikiliza. Waliondoka wote kwa pamoja, na bonde likatingishika.

Pembe ya mashariki imekwisha. Robo ya shamba, labda pungufu. Iliyobaki inatosha kula mpaka mvua za vuli. Nimeitazama, nimeshukuru kwa sauti, kwa ile sauti ya mlango.

Kisha Siti akaokota kopo lililoanguka. Akalitikisa. Akachungulia. Akatoa tambara la kanga yangu, akalisoma maandishi yaliyobaki, akalirudisha ndani vile vile. Akaniangalia.

Hakusema kitu. Siti! Hakusema kitu! Akafunga kanga yake, akavuka maji, akaenda.


Alhamisi, 19 Juni

Matambara nimetoa yote. Leo nimevuta kamba mara moja tu, ila sijaiachia kutwa.

Siti ananyamaza makusudi. Anaiweka ile habari kwa ajili ya Jumapili kama anavyoweka sauti ya mwisho ya wimbo. Atasimama mbele ya Mfaume, mbele ya Warda, mbele ya mtoto, aseme mkwe mwenzake anaziba makopo ili aonekane mtakatifu. Na Mwamini atabebwa kwa mikono mingine. Atakapokuwa mkubwa ataonyeshwa picha: huyu bibi yako Siti. Na yule nyuma ya nguzo? Yule ni bibi wa makopo.

Nimelia kidogo. Kisha nimekula muhogo. Nashukuru kwa muhogo, haujawahi kumfungia mtu nadhiri.


Ijumaa, 20 Juni

Mwanamkuu alikwenda kuswali, akaniomba nimtazamie na shamba lake. Kwa kutazama vizuri nikaona nipande dungu lake. Kwangu jua lilikuwa usoni.

Bakuli lilikuwa pale, limefunikwa kawa.

Nitaandika mambo kama yalivyofuatana. Kwanza nilifunua kuona kama sisimizi wameingia. Hawakuingia. Kisha niliona nazi imechacha pembeni, nikaitoa kwa kidole, isije ikaharibu iliyobaki. Kidole nikakilamba, maana pale juu hakuna maji ya kunawa. Kisha nikajiuliza kama chumvi imekolea. Pepeta haitiwi chumvi. Nalijua hilo. Nilikumbuka kwenye konzi ya tatu.

Kamba za Mwanamkuu zilikuwa karibu na mkono wangu. Ningeweza kuvuta. Mkono ulikuwa na kazi.

Nilipoinua macho, bakuli lilikuwa limelambwa na Mwanamkuu yuko kwenye ngazi.

Akachungulia bakuli. Akasema sisimizi wa mwaka huu wakubwa, na wana punje kidevuni. Akacheka mpaka akashika nguzo. Mimi nikacheka. Halafu akaacha kucheka kabla yangu. Akasema nadhiri ni yangu na Mungu wangu, yeye haimhusu. Lakini konzi ya kwanza ilikuwa ya mkono wake. Miaka arobaini. Na yeye amekaa siku tatu anainusa pepeta yake bila kuigusa, ananingoja mimi.

Nilikosa pa kuweka uso. Siti amenitukana mengi mwaka huu, hakuna lililoniingia kama hilo, na halikuwa tusi.

Nikashuka. Nikakata masuke ya shamba langu, yale ya karibu na kijito. Nikawasha moto, nikakaanga, nikatwanga peke yangu, mkono uliovimba na ule mzima. Nikampelekea ingali moto. Nikamwomba msamaha kwa jina lake lote. Nikamlisha. Akatafuna muda mrefu, ananitazama, kisha akasema nimeikaanga ikaungua, kama ya mwaka wa kwanza. Akachota, akanilisha na mimi.

Nadhiri ilikuwa imeshakufa. Lakini ile konzi niliila nikimshukuru Mungu kuliko nilivyomshukuru siku niliyoapa. Sijui hapo Mwinjilisti angesemaje. Simuulizi.


Jumamosi, 21 Juni

Nimetafakari. Pepeta si mpunga! Mpunga una maganda. Wala si mchele, mchele hupikwa. Nadhiri yangu nilitaja mpunga mpya, watu wote ni mashahidi. Kwa hiyo sikuvunja kitu.

Na makopo je? Kopo ni langu, kanga ni yangu. Amri inayokataza tambara ndani ya kopo ipo wapi?

Nimeyapanga maneno vizuri. Nimeyasema mbele ya mbuzi mara tatu. Hakubisha.


Jumapili, 22 Juni

Kanisa lilijaa mpaka dirishani. Ungo wa Siti mbele, wangu kando yake, umepungua kidogo, ndege walichukua sehemu yao. Mwanamkuu alikuja na kilemba cha sikukuu, akakaa karibu na mlango na bakuli la pepeta mapajani. Mwamini ndani ya gauni jeupe, anakula mkono wake.

Mwinjilisti akatuita. Akaanza na Siti. Akamuuliza: mama, moyo wako umekuwaje?

Nikajisemea haya, hilo linakuja.

Siti akashika kipaza sauti, akakiweka chini. Akasema bila hicho kwamba moyo wake haujatulia hata siku moja. Kila siku kwenye daftari ameandika jina langu. Akasema Jumatano aliona ndege wakishuka kwangu, na alifurahi. Alikaa akatazama. Aliimba ubeti mzima wa wimbo kwa furaha kabla miguu haijamsuta. Akasema katika robo ya mpunga wangu iliyoliwa, ubeti ule ni wa kwake. Akalia, mkwe mwenzangu, mbele ya kwaya yake.

Juu ya matambara hakusema kitu. Hata neno.

Mwinjilisti akanigeukia. Mama Zabibu?

Nikafungua kinywa niseme pepeta si mpunga. Haki ya Mungu nilikifungua kwa hilo. Yakatoka mengine. Kwamba nadhiri nilimwekea Siti, Mungu nilimtia kama shahidi tu. Kwamba nimeshaivunja, kwa kidole, na kisha kwa mkono mzima, kwenye bakuli la mwenzangu aliyenitunzia. Kwamba niliziba makopo ili nionekane mtulivu, na ndege wakala chakula cha wajukuu. Kwamba sauti ya Siti niliyoicheka ndiyo iliyoniachia mpunga ule mnaouona mbele. Na kwamba moyo wangu umetulia mara moja tu kwa wiki mbili, nilipokuwa nalishwa pepeta iliyoungua.

Mlangoni nikamsikia Mwanamkuu akisema kwa nguvu kwamba kweli iliungua.

Watu wakacheka. Sikuwahesabu. Walikuwa wengi.

Mwinjilisti akawageukia watu. Akasema alitafuta moyo mmoja uliotulia, amepata miwili iliyofunguka, na beseni halijawahi kumdai mtu zaidi ya hapo. Tumbebe wote. Mmoja kichwa, mmoja miguu.

Nikachukua kichwa. Niliwahi.

Tukaenda hatua kwa hatua kama wanaohamisha kabati. Maji yakamwagwa, Mwamini akashangaa, kisha akakojoa, na mikojo ikafuata njia yake kwenye gauni la kwaya lililopigwa pasi. Wazo likanijia, tamu kama sukari, pale pale mbele ya beseni! Mkono wangu ukatoka wenyewe kutafuta kamba, ukavuta. Ulishika mkono wa Siti. Akadhani nimempa mkono wa mapatano. Akaubana, machozi yanamtoka.

Sikumsahihisha. Na sikuuachia.

Asante Mungu kwa mtoto. Asante kwa mwaka usio na maji. Asante kwa mkwe anayejua kunyamaza, kipaji ambacho mimi nilikosa foleni siku kinagawiwa.


Jumatatu, 23 Juni

Nimelala vizuri, nimeamka nimekasirika.

Siti alitubu kwanza! Nimeliona leo asubuhi. Watu wote tangu jana wanazungumzia jinsi alivyoweka kipaza sauti chini. Mimi niliyeungama mengi kuliko yeye, mara tatu yake, nimeonekana namfuata nyuma. Ubeti mmoja tu alioimba! Ubeti mmoja ndiyo dhambi? Mimi nina nadhiri, nina bakuli, nina makopo mazima.

Si neno. Mtoto wa pili wa Warda akija, Mungu akipenda, nitaomba kuulizwa mwanzo. Nimeshaanza kuziweka akiba dhambi za kuungama. Nimepita kwa Mwinjilisti kuomba daftari jipya, kubwa zaidi. Alinitazama sana. Akanipa.

Nipo juu ya dungu. Makopo nimeongeza mawili. Mbingu nyeupe, hakuna ndege. Ng'ambo ya kijito Siti ameanza kuimba. Sauti yake leo nzuri sana, inaudhi.

Nikavuta kamba.

Mwanamkuu akaniuliza kutoka kwake: ndege au Siti?

Nikamjibu ndege.

Kisha nikavuta tena. Hiyo ya pili ilikuwa ya kuufukuza huo uongo.